Kihariri kinasema muunganisho umekatika, na intaneti iko sawa

*"Mimi ni mwanaprogramu hapa Kisumu, kwenye timu ndogo inayotunza mfumo wa Sacco kadhaa. Mradi ni wa Java, unajengwa kwa Maven (programu ya kujenga mradi na kuleta maktaba zake), na una moduli 46 chini ya folda moja kuu. Natumia kihariri cha VS Code kwenye Ubuntu 22.04, laptopu ya RAM GB 8. Nikifungua mradi mzima, mambo huenda vizuri kwa dakika kumi hivi, kisha chini kulia unajitokeza ujumbe 'connection to server is erroring', halafu mwingine kwamba seva imeanguka mara 5 ndani ya dakika 3 na haitawashwa tena. Kuanzia hapo mapendekezo ya msimbo yanapotea, mistari yote ya import inakuwa myekundu, na nikibofya jina la klasi sipelekwi popote. Nimebadilisha bando, nikahamia faiba, nikasakinisha VS Code upya. Mwenzangu aliye Nakuru ana mradi huu huu na hana shida, ndiyo maana nahisi ni intaneti ya huku kwetu. Wengine wananishauri niongezee Java memori hadi GB 6. Nifanyeje?"*

Pole sana. Jambo la kwanza: acha kununua bando kwa ajili ya tatizo hili. Seva inayotajwa kwenye ujumbe ule haiko Nairobi wala Ulaya. Iko ndani ya laptopu yako. Ukitaka kuhakikisha, zima Wi-Fi kabisa, fungua mradi mdogo wa Java wenye faili mbili tatu usiohitaji maktaba za nje, uone kama mapendekezo yatakuja. Yatakuja, na bila hata kilobaiti moja ya intaneti.

Sikulaumu kwa kuchanganyikiwa, maana ujumbe wenyewe umeandikwa vibaya. Mtu akisoma "connection" na "server" katika sentensi moja, lazima afikirie mtandao. Tuone kinachofanyika huko ndani.

VS Code, kama VS Code, haijui Java. Inajua kufungua faili, kupaka rangi maneno na kuonyesha mistari myekundu pale inapoambiwa ionyeshe. Elimu yote ya Java iko kwenye programu nyingine inayoendeshwa kando, nayo huitwa seva ya lugha. Mwaka 2016 Microsoft, pamoja na Red Hat na Codenvy, walitangaza itifaki ya pamoja ya mazungumzo kati ya kihariri na seva hiyo, LSP (Language Server Protocol), ili kila lugha iandikiwe seva moja inayoweza kutumiwa na vihariri vingi. Kwa Java, kiendelezi cha Red Hat huwasha seva iliyojengwa juu ya mitambo ya Eclipse. Kihariri na seva hutumiana ujumbe mfupi wa JSON kupitia bomba la ndani la mfumo endeshi: "mtumiaji ameandika nukta baada ya jina hili, nimwonyeshe nini?"

Chukulia matatu ya Kisumu kwenda Busia. Dereva ameshika usukani, lakini makanga ndiye anayejua nani amelipa na nani anashuka Luanda, na wawili hao huelewana kwa kugonga bodi. Makanga akianguka mlangoni, dereva hana habari ya kilichompata. Anachojua ni kwamba bodi imenyamaza. Ndivyo VS Code ilivyo. Seva ikifa, bomba linakatika upande wa pili, na kihariri kinaripoti kile kinachokiona, yaani kimya. Kinaiwasha upya, inakufa tena, na ikifika mara 5 katika dakika 3 kinakata tamaa.

Kwa hiyo swali lako sasa si "kwa nini muunganisho unakatika" bali "nani anaiua seva yangu". Na hapo mwenzako wa Nakuru anasaidia kweli, ila si kwa namna uliyodhani. Kabla ya kulinganisha mitandao, muulize laptopu yake ina RAM kiasi gani, na kama yeye hufungua folda kuu au hufungua moduli mbili tatu tu anazozishughulikia. Nitashangaa ikiwa majibu yake yatafanana na yako.

Mradi wa moduli 46 unachosha seva kuliko hesabu ya faili inavyoonyesha. Inapofungua folda kuu, seva husoma kila pom.xml (faili inayoieleza Maven moduli na maktaba zake), hufuata pom ya mzazi wake, hutafuta maktaba zote na maktaba za maktaba hizo, hutengeneza faharasa, kisha hukusanya (compile) msimbo wa moduli zote na kuweka sehemu kubwa ya matokeo kwenye kumbukumbu. Miradi mingi ya aina hii huwa na moduli moja ya msingi, ile inayoitwa common au core, ambayo zote zingine zinaitegemea. Ukibadilisha saini ya metodi moja humo, seva inalazimika kuwapitia wategemezi wote. Naamini zile dakika kumi unazozitaja ni muda wa uagizaji (yaani seva kuingiza moduli zote) kufika mahali ambapo kumbukumbu inaisha.

Tuje kwa ushauri wa GB 6, ambao kwako ni hatari. Seva ya Java inaweza kufa kwa kukosa kumbukumbu kwa njia mbili, na dawa za njia hizo zinapingana. Hili ndilo jambo ambalo wengi hulikosea.

Njia ya kwanza ni kufa kutoka ndani. Java hupewa kikomo kwa alama ya -Xmx, na kiendelezi hiki katika matoleo ya karibuni huja na kikomo cha GB 2. Ikijaza kikomo hicho, inaandika kwenye logi yake, yaani faili ya taarifa zake, java.lang.OutOfMemoryError: Java heap space, au GC overhead limit exceeded. Hapa kuongeza kikomo kunasaidia.

Njia ya pili ni kuuawa kutoka nje. RAM ya laptopu nzima ikiisha, kiini cha Linux huchagua programu inayokula zaidi na kuichinja bila kuuliza. Java ndiyo hunona kuliko wote, kwa hiyo ndiyo huchinjwa. Seva haipati hata nafasi ya kuandika neno la mwisho kwenye logi. Hapa ukiongeza kikomo unainenepesha zaidi, na siku yake inafika mapema. Halafu kumbuka kwamba -Xmx si uzito wote wa mchakato: kuna nyuzi, kuna kumbukumbu ya klasi, kuna za ndani ya Java yenyewe. Ukiandika GB 6 kwenye mashine ya GB 8 ambayo tayari imebeba Ubuntu, kivinjari chenye tabo thelathini, PostgreSQL ndani ya Docker na huduma unayoijaribu, hesabu haiingii.

Kutofautisha vifo hivyo viwili ni kazi ya dakika moja. Mara tu seva inapoanguka, fungua terminali uandike amri hii, inayosoma ripoti za kiini cha Linux:

`sudo dmesg -T | grep -i "killed process"`

Ukiona mstari unaotaja (java) na saa inayolingana na ya kuanguka, seva imeuawa kutoka nje. Usipoona kitu, rudi VS Code, bonyeza Ctrl+Shift+P, andika "Java: Open Java Language Server Log File", nenda chini kabisa ya faili na utafute OutOfMemoryError. Ubuntu 22.04 ina mlinzi mwingine pia, systemd-oomd, lakini huyo huondoa kundi zima la michakato, kwa hiyo mara nyingi utaona VS Code yote imefungika ghafla. Wewe umesema kihariri kinabaki wazi na ujumbe unaonekana, kwa hiyo simshuku sana huyo. Ninachokishuku zaidi ni njia ya pili niliyoieleza, lakini usinitegemee mimi. Tegemea mstari wa dmesg.

Ikithibitika ni kuuawa kutoka nje, dawa ni kupunguza mzigo. Njia ninayoipenda kwa mashine kama yako ni kutoagiza moduli zote. Kwenye mipangilio ya VS Code kuna java.import.projectSelection, ukiiweka manual, kihariri kitakuuliza ni miradi ipi iingizwe. Chagua tatu au nne unazozigusa wiki hii. Kabla ya hapo, jenga zile zingine mara moja kwenye terminali, huku VS Code imefungwa ili Maven isigombanie RAM na seva:

`mvn install -DskipTests`

Amri hiyo huweka kila moduli kama faili ya jar (kifurushi cha klasi zilizokwisha kujengwa) kwenye hazina yako ya ndani, folda ya ~/.m2/repository. Seva ikihitaji klasi ya moduli ambayo hukuifungua, inaichukua humo. Baadaye ukitaka kujenga moduli moja pamoja na zile inazozitegemea tu, tumia `mvn install -DskipTests -pl jina-la-moduli -am`.

Mpango huu una gharama zake, nisikufiche. Mwenzako akibadilisha moduli ya common na wewe ukavuta mabadiliko kwa Git, kihariri chako kitaendelea kuona jar ya zamani hadi uijenge upya. Utaona mstari mwekundu kwenye msimbo ulio sahihi na kuanza kulaumu seva bure. Pia ukitumia kihariri kubadilisha jina la metodi, mabadiliko hayatafika kwenye moduli ambazo hukuzifungua. Kwa marekebisho makubwa ya aina hiyo ni bora kutumia mashine yenye nguvu, hata kama ni ya kuazima kwa mchana mmoja.

Ukishapunguza moduli, unaweza pia kushusha au kupandisha kikomo kwa utaratibu kwenye java.jdt.ls.vmargs. Usifute maneno yaliyomo, badilisha namba ya -Xmx peke yake. Kwa GB 8 sitavuka GB 2 na nusu, tena kivinjari kikiwa kimefungwa nusu ya tabo zake.

Kuna jambo dogo la Linux ambalo huwapata wenye miradi mikubwa. Kihariri huomba mfumo endeshi ukiarifu faili zinapobadilika, na idadi ya maombi ina kikomo. Kwenye viini vya zamani kilikuwa 8192, idadi ambayo mradi wa moduli 46 wenye folda za target (Maven inakoweka matokeo ya ujenzi) unaweza kuimaliza haraka. Kuanzia kiini 5.11 kikomo hukadiriwa kulingana na RAM. Angalia chako kwa `cat /proc/sys/fs/inotify/max_user_watches`. Kama ni kidogo, VS Code hupendekeza 524288. Hili haliui seva, ila linafanya kihariri kisione faili mpya, na watu hulichanganya na kukatika kwa muunganisho.

Sasa nirudi kwenye intaneti, kwa sababu sikusema haihusiki kabisa. Inahusika mahali pengine: Maven inapopakua maktaba kutoka hazina kuu. Na hapa bando linalokatika katikati ya upakuaji huacha alama mbaya. Maktaba isipofika, Maven huweka faili yenye mwisho wa .lastUpdated mahali ambapo jar ingekaa, kama rekodi kwamba ilijaribu ikashindwa. Ndani ya kihariri hasa, rekodi hiyo huheshimiwa: seva inasema kosa limehifadhiwa kwenye hazina ya ndani na haitajaribu tena hadi muda wa kusasisha upite, ambao kwa kawaida ni siku nzima. Wewe umeshanunua bando jipya, intaneti inapaa, na mstari mwekundu uko palepale. Mtu akikuambia "intaneti ya Kisumu haifanyi kazi na Maven", mara nyingi ndicho alichokutana nacho. Dawa yake:

`find ~/.m2/repository -name "*.lastUpdated" -delete`

kisha `mvn -U compile` kwenye folda kuu, ukiwa na intaneti isiyoyumba. Ukipata muda ukiwa kwenye faiba, endesha pia `mvn dependency:go-offline`, ili siku ukiwa safarini uweze kujenga kwa `mvn -o` bila kuhitaji mtandao. Amri hiyo haikusanyi kila kitu katika kila mradi, hasa moduli zinapotegemeana, lakini hupunguza maumivu.

Kama ofisi yenu hutumia proksi, jua kwamba kuijaza kwenye mipangilio ya VS Code hakuihusu Maven. Maven husoma ~/.m2/settings.xml. Na kama ofisi hukagua trafiki ya HTTPS kwa cheti chake yenyewe, utakutana na kosa refu lenye maneno PKIX path building failed. Maana yake ni kwamba Java haikitambui cheti hicho. Tafadhali usizime ukaguzi wa vyeti kama wanavyoshauri baadhi ya watu mitandaoni. Huu ni mfumo wa Sacco, una pesa za watu. Omba anayesimamia mtandao akupe cheti, ukiingize kwa keytool, chombo cha Java cha kusimamia vyeti.

Suala la toleo la Java nitalipita haraka: seva yenyewe siku hizi inahitaji Java 21, hata kama mradi wenu ni wa Java 8 au 11. Toleo la kiendelezi lililotengenezewa mfumo wako huja na Java yake ndani, kwa hiyo shida hutokea pale mtu alipoweka java.jdt.ls.java.home zamani akasahau. Ukiona seva inakufa ndani ya sekunde chache badala ya dakika kumi, anzia hapo. Java ya mradi huelezwa kando, kwenye java.configuration.runtimes.

Kuhusu kusakinisha VS Code upya: haikusaidia kwa sababu kilichoharibika, kama kipo, hakimo kwenye VS Code. Faharasa ya seva hukaa kwenye folda yake ya kazi, na usakinishaji haukuigusa. Stima ikipotea ghafla na betri ikiwa imechoka, faharasa hiyo inaweza kubaki nusu-nusu, na seva ikawa inaanguka kila inapoisoma. Amri ya kuifuta ni "Java: Clean Java Language Server Workspace". Haigusi msimbo wako hata herufi moja. Ila usiifanye kuwa sala ya asubuhi: kila ukiifuta, seva huanza kuagiza moduli upya kutoka mwanzo, na kwako huo ndio wakati inapokufa. Ifute mara moja, baada ya kupunguza moduli.

Ukiniuliza kuhusu kutumia pesa, kwanza ningeongeza RAM hadi GB 16. Kwa mradi wa ukubwa huu, pesa hiyo inarudi haraka kuliko ya bando lolote. Lakini usinunue kabla ya kujua kama laptopu yako ina nafasi, maana nyembamba nyingi za siku hizi zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi. `sudo dmidecode -t memory` itakuonyesha nafasi zilizopo na aina iliyomo.

Njia ya pili ni kuacha mradi ukae kwenye mashine kubwa ya ofisini na wewe kuufikia kwa Remote-SSH, kiendelezi cha VS Code cha kufanyia kazi mashine ya mbali. Hapo seva ya lugha huendeshwa kule, laptopu yako inabaki na dirisha tu. Ni njia nzuri, lakini hapo ndipo muunganisho unakuwa wa intaneti kwelikweli: faiba ikikatika unasubiri, na mashine ikiwa bara lingine utahisi kuchelewa kila unapobonyeza nukta. Mashine iliyo kwenye mtandao wa ofisi yenu, au angalau barani Afrika, ni afadhali zaidi. Na msijazane watu watano kwenye mashine moja ya GB 8, maana mtakuwa mmehamisha tatizo lenu tu.

Kubadilisha kihariri? IntelliJ IDEA hukabiliana vizuri na miradi ya Maven ya namna hii, na haitumii seva ya lugha kwa Java, kwa hiyo ujumbe ule hutauona. Lakini nayo ni programu ya Java yenye faharasa nzito. Kwenye GB 8 utapata ukimya na kusubiri badala ya ujumbe wa kosa. Jaribu ukitaka, ila usitarajie muujiza.

Kuna dalili chache zinazomaanisha uache mipangilio na uipeleke mashine kwa fundi anayeaminika. Ukiona kwenye folda ya mradi faili zinazoanza na hs_err_pid, Java imeanguka kwa kosa la chini kabisa, si la kujaza kikomo cha -Xmx. Zikiwa nyingi na kila moja inalaumu mahali tofauti, RAM mbovu ni mshukiwa wa kwanza. Omba waendeshe memtest86+, programu ya kupima RAM, usiku kucha, si dakika tano mbele yako. Dmesg ikitaja I/O error kwenye diski, nakili kazi yako mahali pengine leo hii, kisha ndipo ufikirie mengine. Na kama dmesg haisemi kitu, logi haina OutOfMemoryError, na moduli tatu peke yake bado zinaiangusha seva, keti na yule mwenzako wa Nakuru kwa simu ya video, mfungue moduli hizohizo kwa toleo lilelile la kiendelezi, mlinganishe logi mstari kwa mstari. Mkiamua kutuma logi au faili za mradi kwa mtu wa nje, zisomeni kwanza: pom na settings.xml wakati mwingine hubeba nywila za hazina ya kampuni, na nimeona zikianikwa hadharani na watu waliotaka tu kusaidiwa.